Mafundo ya Mumbi

Alhamisi ile nilitumwa Ruiru kumalizia vyumba vitatu tu. Nilidhani ni kazi ya saa moja.

Ilikuwa mwaka wa 1956, mwezi wa saba, wakati ule wa baridi ambapo jua halionekani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mimi, Syokau binti Kaleli, nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ualimu na sijapata shule. Mama mmoja wa Kizungu, Bi Pelham, akanipa kazi ya muda. Alikuwa ametoka chuo kikuu cha ng'ambo kuja kuchunguza maisha ya watu wa Nairobi: wanaishi vipi, watoto wao wanasoma wapi, nyumba zao zimejengwaje. Tulianza na vyumba vya mjini kwenyewe. Halafu akasema kuna wanaume wengi wanaopanda treni ya alfajiri kutoka Thika na Ruiru kwenda kazini, na hao pia ni watu wa Nairobi, ila wanalala mbali. Basi tukawafuata wanakolala.

Kazi tuliigawa. Mburu, mchoraji ramani, alitangulia na utepe wake wa kupimia. Alipima kuta, mlango na dirisha, akachora. Mimi nilifuata baadaye na karatasi za maswali. Hatukuingia kila chumba. Bi Pelham alichagua kila chumba cha tatu katika mstari: cha tatu, cha sita, cha tisa, na kuendelea. Ndivyo utafiti unavyofanywa, alisema.

Mburu alikuwa Mkikuyu wa miaka thelathini hivi, mpole, asiyependa maneno mengi. Kitu kimoja tu alikataa. Kwenye karatasi kulikuwa na mahali pa kuandika idadi ya watu wanaolala chumbani. Yeye aliandika idadi ya mikeka na vitanda, basi.

"Watu hawahesabiwi, mwalimu," aliniambia.

Hata kwetu Ukambani mama hahesabu watoto wake, kwa hiyo sikumcheka. Lakini kazi ilikuwa kazi. Mimi niliuliza, watu wakanijibu, nikaandika.

Jioni hiyo Mburu alinipeleka kwa Landrova ya Bi Pelham. Tulifika saa kumi na mbili kasoro, wanaume wakirudi kutoka stesheni. Vyumba vilikuwa vya mawe, vimepangwa mstari mmoja mrefu kando ya reli, bati moja refu juu yake. Kila chumba kilikuwa na mlango na kidirisha kidogo juu, kama tundu la njiwa. Moshi wa makaa ulikuwa umetanda chini, haupandi kwa sababu ya baridi.

Nikabisha chumba cha sita.

Aliyefungua alikuwa Wamboi, mke wa Gachanja. Nilimjua kwa jina kutoka kwenye orodha. Alinitazama, akatazama karatasi zangu, akaanza kufunga mlango.

"Mama, ni maswali tu. Hatutakawia."

"Maswali gani tena? Mwenzako amekuja Jumanne."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule mama."

Nikamwambia hatuna mama mwingine. Ni mimi peke yangu ninayeuliza maswali, na Mburu anayepima kuta. Wamboi akafungua mlango kidogo, akaanza kunong'ona, kana kwamba ndani kuna mtoto aliyelala.

"Alikuja giza likiingia. Mama mtu mzima, shuka mabegani, ana heshima. Akauliza tunalala wangapi. Gachanja akamwambia sita. Akatuambia kila mtu alale mahali pake, aone. Tukadhani ndiyo hiyo kazi yenu. Tukalala. Akapita, akatugusa miguu mmoja mmoja... Na kila akigusa, anafunga fundo. Alikuwa na kamba ya katani."

"Kisha?"

"Kisha akasema, bado. Akaenda." Akashika mdomo. "Tangu Jumanne usiku Gachanja hajageuka."

Sikuelewa. Akanivuta ndani.

Gachanja alikuwa amelala chali kitandani, miguu pamoja, mikono ubavuni. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa akipumua, polepole sana. Watoto walikaa wamejibanza pembeni, mbali naye. Na kulikuwa na harufu. Si ya ugonjwa. Ilikuwa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, kama mahali palipoungua nyumba.

Niliangalia jiko. Lilikuwa limezimika, safi, halina hata majivu.

"Majirani je?" nikauliza. "Cha tano? Cha saba?"

"Hakuenda kwao. Alikwenda cha tatu na hapa na kwa mzee Nicanor, cha tisa. Nicanor tumemzika leo."

Cha tatu. Cha sita. Cha tisa.

Nilitoka nje. Mburu alikuwa ameegemea gari. Nilipomwambia, sigara ikamponyoka mkononi.

"Kamba ya mafundo?"

"Ndiyo."

"Alisema nini akienda?"

"Alisema, bado."

Mburu akafungua mlango wa gari. "Ingia."

"Lakini bado vyumba viwili..."

"Mwalimu, ingia!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Niliingia. Tulikuwa tumeshafika barabara ya Thika ndipo akili yangu ilipofanya hesabu yake. Mburu alipima vyumba vya Ruiru Jumatatu. Huyo mama alikuja Jumanne. Kila chumba alichoingia, ni kile Mburu alichoingia jana yake.

"Mburu. Jana ulipima wapi?"

Akabadilisha gia.

"Jana ulipima wapi?"

"Thika. Nyumba moja tu. Kwa dada yako."

Hapa lazima nikiri kosa langu. Nyumba ya Ndunge, dada yangu, haikuwa kwenye orodha ya Bi Pelham. Iliyokuwa kwenye orodha ilikuwa ya mtu aliyetukatalia mlangoni. Badala ya kumwambia Bi Pelham, niliandika ya Ndunge, nisihangaike kutafuta nyingine. Mimi ndiye niliyemwelekeza Mburu kwa dada yangu. Mimi.

"Endesha," nikamwambia.

Giza liliingia tukipita mashamba ya mkonge. Mburu akaanza kusema bila kunitazama.

"Nyuma ya Mugutha kuna kijiji tulikokusanywa na serikali wakati nyumba zetu zilipochomwa. Kijiji cha uzio na handaki. Kila jioni watu wanahesabiwa langoni kabla lango halijafungwa. Aliyepewa kazi ya kuhesabu ni mama mmoja, Mumbi wa Zacharia. Hakujua kuandika. Alikuwa na kamba, akifunga fundo kwa kila mtu. Usiku anapita nyumba kwa nyumba, anagusa miguu ya waliolala, analinganisha na mafundo."

"Halafu?"

"Siku moja mtu mmoja alipungua. Mkubwa wa kijiji akamwambia Mumbi hakuna atakayelala, wala yeye, mpaka hesabu itimie. Akamtoa nje ya lango, gizani, akamtafute. Wale walinzi wa handaki hawakuambiwa." Akashika usukani kwa mikono miwili. "Tulisikia bunduki mara moja."

Nilitaka kumuuliza ni nani aliyepungua. Lakini mbele kulikuwa na taa. Kizuizi cha askari.

Askari mmoja akaja na tochi. Akachukua kitabu cha pasi cha Mburu, akakisoma kila ukurasa. Mimi akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwonyesha barua ya Bi Pelham. Akaikubali, akatoa daftari lake.

"Mko wangapi humo?"

Mburu akasema upesi, "Sisi ndio hawa unaotuona."

Askari akamulika mbele. Akamulika nyuma.

"Watatu," akasema, akaandika.

Nilihisi shingo yangu imekuwa ya mti.

"Mwambie huyo mama ajifunike vizuri," askari akasema akimrudishia Mburu pasi. "Kuna baridi."

Kizuizi kikainuliwa.

Hakuna aliyegeuka. Si Mburu, si mimi. Harufu ilianza polepole... majivu... majivu na maji. Kisha nikasikia mlio mdogo, mkavu, nyuma ya kiti changu. Mtu anavuta kamba ya katani katikati ya vidole. Anavuta, anasimama kwenye fundo. Anavuta tena, anasimama.

Hivyo mpaka Thika.

Hatukuthubutu kusimama njiani, na hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo, Ngai wakwa, Ngai wakwa, Mungu wangu, bila kupata maneno mengine. Mburu aliegesha mbali kidogo na nyumba ya Ndunge. Tukaruka nje, yeye upande wake na mimi wangu, tukakimbia. Nyuma yetu nilisikia mlango wa nyuma wa gari ukifunguka. Haukufunguka kwa nguvu. Ulifunguliwa kama mtu mzima anavyofungua, anashuka, anatafuta ardhi kwa mguu.

Ndunge alikuwa akipakua chakula. Mume wake Kisilu alikuwa zamu kiwandani. Mama yetu alikuwa ameketi kwenye kigoda, na mtoto wa Ndunge, Mukonyo, wa miaka sita, amelala tumbo mkekani akiandika kwa makaa kwenye kipande cha bati. Alikuwa ameanza shule mwezi wa kwanza.

"Syokau! Kuna nini?"

"Funga mlango. Mama, funga dirisha. Kuna mtu amekuja hapa leo?"

"Nani aje?"

"Mama yeyote. Anayeuliza maswali."

"Hakuna. Unanitisha, mdogo wangu. Huyu ndugu amefanya nini?"

Mburu alikuwa amesimama katikati ya chumba, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

"Mtu akibisha," nikasema, "akiuliza mnalala wangapi, msijibu. Msiseme namba yoyote. Mmesikia?"

Mama hakuuliza kwa nini. Alizaliwa kabla ya reli kufika Thika, na mambo mengine haikuwa lazima aelezwe. Alipuliza taa ikazimika. Ukabaki wekundu wa jiko tu.

Tukangoja.

Mbwa wa jirani alibweka, halafu akanyamaza katikati ya kubweka.

Ko. Ko. Ko.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama aliyechoka. Basi. Sauti ya mama yeyote ambaye ametembea tangu asubuhi na bado ana nyumba nyingi mbele yake. Nadhani kama ingekuwa sauti mbaya ningeiogopa kidogo zaidi, lakini nisingeikumbuka mpaka leo.

"Hodi, wenyewe. Mnalala wangapi hapa?"

Harufu ikapita chini ya mlango. Ndunge akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Nawaomba. Mnalala wangapi?"

Kisha, pale mkekani, nikasikia kasauti kadogo. Kasauti ka mtoto aliyefundishwa jambo jipya na kusifiwa, na sasa ameulizwa swali analolijua.

"Susu, moja," alisema Mukonyo, akianza na nyanya yake.

Nilijitupa. Gizani niligonga kigoda, nikaanguka.

"Mama, mbili."

"Mukonyo, nyamaza!"

"Mama mdogo, tatu. Huyu mgeni, nne..."

Mkono wangu ukapata mdomo wake. Niliubana kwa nguvu mpaka akaanza kulia ndani ya kiganja changu. Alikuwa amebaki yeye mwenyewe tu.

Nje, kamba ikalia. Fundo. Fundo. Fundo. Fundo.

"Nne," sauti ikasema. "Na?"

Mtoto akajipindapinda mikononi mwangu.

"Nne. Na?"

Mama yangu akatoa sauti ndogo. Kwa mwanga wa jiko nilimwona akianza kulala chali pale sakafuni, polepole, mtu ambaye hakutaka kulala. Miguu yake ikajikutanisha. Halafu Ndunge akaachia mkono wangu, naye akaanza kushuka. Nami nikahisi kitu kimeshika vifundo vya miguu yangu, baridi, si kwa nguvu, kama mtu anayekunyoosha usingizini ili ulale vizuri. Goti langu likanyooka bila mimi. Nilimkumbatia Mukonyo kifuani nikajua sitaweza kumshika mdomo kwa muda mrefu. Vidole vyangu pia vilikuwa vinanyooka. Kimoja. Kingine.

"Na?"

"Tata Mumbi."

Alikuwa Mburu. Yeye peke yake alikuwa bado amesimama, ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

"Tata Mumbi, waache hawa. Hawa si wa kijiji chetu. Si wa hesabu yako."

Nje, kamba haikulia tena.

"Ni mimi. Ni Mburu, mtoto wa dada yako." Alikuwa akilia. "Nilipita chini ya uzio mchana, nikifikiri nitarudi kabla ya jioni. Nikaona barabara, nikaendelea kutembea. Nilifika Nairobi. Nilisikia yaliyokupata nikiwa huko, sikurudi hata kukuzika. Yule aliyepungua ni mimi, Tata. Hakuna mwingine."

Pale ndipo nilipojua alinidanganya kule garini. Alisema tulisikia bunduki. Hakuwepo kuisikia.

Sauti ilipojibu ilikuwa karibu sana, mdomo umegusa mbao.

"Mburu?"

"Ndiyo, Tata."

"Umekula?"

Mburu alitoa sauti ambayo sijui niiite nini. Akaondoa komeo. Nilitaka kumwambia asifungue, lakini ulimi wangu ulikuwa umelala pia. Mlango ukafunguka. Sikuona kitu huko nje ila giza na ukungu wa baridi. Mburu akatoka, akavuta mlango nyuma yake taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Vidole vyangu vikakunjika. Mama akageuka ubavu, akakohoa. Mukonyo akaniuma mkono.

Tulikaa tumeshikana mpaka Kisilu aliporudi kutoka zamu, kumekucha. Landrova ilikuwa pale pale tulipoiacha. Milango yote ilikuwa imefungwa. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kamba ndefu ya katani, imenyooka, haina fundo hata moja. Unaona tu mahali mafundo yalipokuwa, nyuzi zimejikunja.

Mburu hakuonekana tena. Polisi walimtafuta kwa wiki mbili, si kwa kumhurumia. Walisema ametoroka kuingia msituni kwa wapiganaji. Bi Pelham alilia, maana alimpenda kwa kazi yake nzuri, na yeye alikuwa na maelezo yake. Alisema vyumba vile havina hewa. Watu wanaingiza jiko la makaa wakati wa baridi, wanaziba kidirisha kwa gunia, gesi inawalaza na kuwaonyesha mambo. Ndiyo sababu mzee Nicanor alikufa, na ndiyo sababu sisi tuliona tuliyoyaona kwa Ndunge. Aliandika hivyo kwenye ripoti yake, akapendekeza madirisha makubwa. Pengine alisema kweli. Jiko lilikuwemo kwa Ndunge, na nilikuwa nimemwambia mama afunge dirisha.

Lakini hakuna jiko ndani ya Landrova.

Niliacha kazi ile Ijumaa ile ile. Siku chache baadaye nilikwenda Ruiru kumwona Wamboi. Nilikwenda mchana, saa sita. Nilimkuta Gachanja nje, ameketi kwenye jiwe, anakunywa uji, amekonda. Wamboi aliniambia aligeuka Alhamisi ile ile usiku, chakula cha jioni kikiwa bado mezani. Aligeuka ubavu, akaomba maji.

Nilichuchumaa karibu naye. Nikamuuliza kama anakumbuka kitu.

Alitazama kikombe mpaka uji ukaingia utando.

"Tulikuwa kwenye foleni," akasema. "Langoni. Watu wengi, wengine siwajui. Nicanor alikuwa mbele yangu. Baridi. Yule mama alikuwa anatugusa, anahesabu, anafika mwisho, anasema bado, anaanza tena. Sijui tulikaa siku ngapi."

"Halafu?"

"Halafu kijana mmoja akaja akitembea kutoka barabarani. Yule mama akamkumbatia. Akatupa kamba, akaketi chini, akalala palepale. Kama mtoto. Tukaambiwa tuliokuwa bado na pumzi twende nyumbani. Nicanor alibaki." Alitazama kule reli ilikopita. "Nikatoka, nikasikia lango linafungwa nyuma yangu. Nikafikiri imekwisha."

"Haikwisha?"

Gachanja aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, nilisikia wanahesabu tena ndani. Lakini haikuwa yule mama. Yule mama alikuwa amelala." Akanong'ona ili Wamboi asisikie. "Ilikuwa sauti ya kijana. Alikuwa anaanza na moja."